Ngoma Iliyofungwa Kinyume

Winchi ya kuvutia magogo ililetwa mchana kweupe, imelala mgongoni mwa lori kama ng'ombe aliyefia njiani, na kasoro yake Masikio aliiona kabla dereva hajazima injini. Waya ulikuwa umeviringishwa kinyume.

Mtu mwingine asingeona. Wewe ungeona chuma na kutu, basi. Lakini huyu fundi hakuitwa Masikio kwa ukubwa wa masikio yake, ingawa hapo nako Mungu hakumpunja. Alikuwa anabandika sikio kwenye bodi ya winchi, anazungusha ngoma yake, lile pipa la kuviringishia waya, kwa mkono, halafu anakwambia imetoka kwenye mashine gani, gia ipi ina jino bovu, na aliyeifungua mara ya mwisho alikuwa na hasira au alikuwa na njaa. Matingatinga ya kusukuma udongo, matrekta ya kuburuta magogo, mashine zilizozaliwa kabla ya baba yake, zote alizitambua hivyo. Watu walisema anasikia kutu ikila chuma. Yeye mwenyewe alilisema hilo kuliko watu, na kuongeza kuwa hakuna mashine ambayo angekosa kuitambua.

Dereva alishuka lakini mzigo wake hakuukaribia. Alisimama upande wa pili wa lori.

"Kibati cha jina na namba kiko wapi?" Masikio akamuuliza.

"Hakipo. Kilibanduliwa."

"Kilibanduliwa au kiling'oka?"

"Fundi, mimi naendesha lori." Dereva alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msibani. "Bosi wa mbao anasema breki haishiki. Gogo likivutwa mlimani linarudi. Tengeneza breki. Waya usiuguse."

"Nisiuguse?"

"Breki tu. Waya uache ulivyo. Alinirudishia maneno hayo mpaka nikachoka."

Sasa kumwambia Masikio asiguse kitu ni sawasawa na kumwachia fisi bucha na kumwomba asilambe hata sakafu. Winchi ilipokwisha kushushwa na kuegemezwa ukutani, lori likaondoka kwa mwendo wa mtu anayedaiwa, naye akapiga goti, akabandika sikio. Akazungusha ngoma kidogo. Akafumba macho.

"Ya tingatinga," akatangaza. "La zamani, lile la breki ya ukanda. Na ngoma ya hii hutoa waya kwa juu. Huu umetokea chini. Aliyeufunga alikuwa anavaa suruali nyuma mbele."

"Au wewe ndiye uliyeikamata winchi nyuma mbele," ikajibu sauti kutoka kwenye kona ya kuchomelea.

Huyo alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mchomeleaji wa mageti. Walikuwa wanafanya kazi uani pamoja na hawakuwa wanapendana hata kwa bahati mbaya.

"Shemeji, choma geti lako. Hapa upo kwa sababu ya dada yako, si kwa sababu ya kazi yako."

"Na wewe nyumba hii ungeshauza kama si cherehani ya dada yangu."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma. Ule ukuta ulioegemezwa winchi ulikuwa ukuta wa chumba cha kushonea. Ndani, chini ya dirisha, ndipo mke wa Masikio alipokuwa anakaa na cherehani yake kutwa nzima, ana ulimi mkali kuliko mkasi wake. Tangu waoane, Masikio hakuwahi kumaliza siku bila kuitwa jina la mnyama. Punda siku za kawaida. Siku za sikukuu, ng'ombe.

Breki aliitengeneza kwanza. Akabadilisha bitana ya ukanda, akachonga upya kile chuma kidogo ambacho mafundi wanakiita ulimi, kinachodondokea kwenye meno ya gia, tak, ili ngoma isirudi nyuma. Akaujaribu mpaka akaridhika.

"Breki yangu ikishika," akamwambia shemeji, "hairudi nyuma hata unywele. Ning'inize mlima hapo, nenda kaoe, zaa, rudi na wajukuu. Utaukuta mlima palepale."

Halafu akaugusa waya.

Akaufungua wote, akautandaza uani kama utumbo wa nyoka. Na chini yake, pale ambapo ngoma ilitakiwa iwe tupu, palikuwa na uzi. Uzi mweusi, mnene, umezungushwa tabaka juu ya tabaka, umekazwa, umepangwa kwa unadhifu kama wa kiwandani. Haukuwa na kutu. Haukuwa na vumbi. Grisi ya miaka yote hiyo haikuwa imeugusa. Na alipoukata kwa kisu ikatoka harufu ya magome yaliyolowa, na ndani yake harufu ya nywele zilizoungua.

"Takataka," Masikio akasema, akautupa pembeni.

Dirisha likafunguka. "Punda, huo uzi unautupa?"

"Ni takataka za wapasua mbao."

"Wewe unajua vyuma, niachie mimi nyuzi. Uzi kama huu siku hizi hata madukani haupo." Akanyoosha mkono dirishani, akauzoa wote, akaingia nao ndani.

Masikio akaviringisha waya upya, kwa haki, kwa juu, kama inavyotakiwa. Duru la mwisho lilipokaa ulimi ukagonga. Tak. Mkono wake ulikuwa umeshaachia mpini.

"Mmesikia?" akacheka. "Inashukuru."

Mchana uleule mkewe alijaza bobini kwa uzi mweusi. Akashona kiraka kwenye mgongo wa shati la kaka yake. Akarudisha vifungo vyote vya ovaroli ya mumewe na kuziba mpasuko wa mabegani. Alikuwa anaimba. Kisha wimbo ukakatika, akaita kupitia dirishani, kwa sauti ndogo ambayo Masikio hakuwahi kuisikia kutoka kwenye kinywa hicho.

"Njoo uone. Gurudumu linarudi nyuma."

"Umekanyaga vibaya."

"Miguu yangu iko chini, wewe. Sijakanyaga kitu."

Masikio hakwenda. Alikuwa na grisi mikononi, na kiburi mpaka kwenye kope.

Majini ya watu wengine hufanya kazi usiku. Hili lilikuwa na saa za kazi kama karani: jua likisimama utosini, vivuli vikijificha chini ya miguu ya wenyewe, linaingia zamu. Kwanza huja ile harufu ya magome. Kisha ukutani, taratibu, tak. Kimya. Tak. Masikio aliondoa mpini wa winchi, akauweka mbali, na bado ikagonga. Spana zake alizozimwaga ovyo kwenye meza akazikuta zimejipanga, zote midomo imeelekea ukutani. Ndoo ya oili ilisogea yenyewe kwenye sakafu ya saruji, ikiacha mchirizi, ikasimama ilipogusa ukuta. Shemeji aliangalia ndoo, akaangalia Masikio, akarudi kwenye geti lake.

"Shemeji," akanong'ona baadaye, "hiyo kitu irudishe ilikotoka."

"Unaogopa chuma?"

"Chuma siogopi. Naogopa kinachovuta bila waya."

Masikio alimcheka. Kesho yake hakumcheka, kwa sababu saa ileile ya jua kali shemeji alikuwa ameinama juu ya geti na barakoa yake usoni, na shati lake likanyanyuka mgongoni, likachongoka kama limebanwa na ndoano ambayo macho hayaioni, kisha akaangushwa chali, akaburutwa ua mzima, visigino vinachimba saruji, mikono inatafuta cha kushika na haipati, anavutwa kwa mwendo wa polepole, mwendo wa mashine yenye nguvu nyingi isiyo na haraka, tak, na kila ilipogonga ulimi hakuweza kurudi alikotoka hata kwa kidole kimoja, tak, tak, mpaka kichwa chake kikafika ukutani na mkono wake ukaingia kati ya winchi na matofali, na hapo ndipo winchi ilipojisogeza.

Sauti ya mifupa ile Masikio aliisikia vizuri. Hakutaka, lakini masikio ni yake.

Walipomtoa alikuwa mweupe midomo. Majirani walimbeba kumpeleka kwa daktari, na akiwa mlangoni akamvuta Masikio kwa mkono uliobaki mzima.

"Kilinishika mgongoni," akasema. "Pale penye kiraka. Sikia ninachokwambia. Kwenye kiraka."

"Sawa, shemeji. Nenda."

Hakusikia, ati. Mtu aliyekuwa anasikia kutu. Akili yake yote ilikuwa kwenye kitu kingine: kaka mtu alikuwa amepiga kelele za kuwaamsha maiti, mtaa mzima umejaa uani, na ndani ya dirisha lile mkewe hakuinuka. Cherehani haikusimama hata mara moja.

Akaingia chumbani. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mgongo umebandikwa ukutani, palepale ambapo kwa nje winchi ilikuwa imeegemezwa. Majora ya vitambaa, meza ya kupigia pasi, kabati, vyote vilikuwa vimesogea kuelekea pale alipo, sakafu imechorwa michirizi.

"Mke wangu."

Akainua macho. Alitabasamu.

"Kaka yako ameumia."

"Nimeona."

"Huendi kumtazama?"

"Kaa karibu," mkewe akasema. Polepole. "Njoo ukae karibu yangu, mume wangu."

Mume wangu. Hakuna punda, hakuna ng'ombe. Masikio akamshika mkono amwinue amtoe mle ndani, na yule mwanamke aliyekuwa mwembamba kama kigingi hakuinuka. Akaweka nguvu zote, zile za kunyanyua gia za tingatinga peke yake. Ilikuwa kama kuvuta nyumba.

Basi akaelewa, au alidhani ameelewa. Winchi iko nje, mkewe yuko ndani, ukuta katikati. Inamvuta. Siku moja itamvuta mpaka matofali yaachie au mifupa iachie. Na alimpenda, matusi yake na yote. Hakuwahi kumwambia, na sasa hapakuwa na mtu wa kumwambia, maana aliyekaa pale alikuwa anatabasamu tu.

Mganga alikuja kwa baiskeli, mwanamume mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kuvulia, asiyependa maneno. Alizunguka winchi bila kuigusa. Akanusa. Akatema mate pembeni.

"Huyu jini alifungwa," akasema kwa sauti ya chini. "Mtu mwenye ujuzi alimfunga humu. Ukifunga kwa kinyume, kinachovuta kinajivuta chenyewe, hakimvuti mtu. Nani amefungua?"

"Waya ulikuwa umekosewa. Nimeurekebisha."

"Umerekebisha." Mganga akavua miwani, akaipangusa muda mrefu. "Waliobandua kibati waliondoa jina ili asiitwe. Walilegeza breki ili anachokivuta kirudi. Na wewe ukaja ukakaza breki, ukageuza waya. Mikono yako ina bidii, fundi. Sasa nijibu vizuri. Ndani ya ngoma, chini ya waya, ulikuta nini?"

Dirisha lilikuwa wazi. Mkewe alikuwa amekaa pale, anasikiliza, shingo imeinama kidogo upande mmoja.

Uzi ulimpitia Masikio akilini, upesi, kama panya anavyopita uvunguni. Lakini watu walikuwa wamejaa uani. Fundi mkubwa, sikio la matingatinga, aseme alikuta kitu asichokijua akakiita takataka, akakikata kwa kisu? Mbele za mganga wa baiskeli?

"Sikukuta kitu," akasema. "Ngoma ilikuwa tupu. Mimi siachi kitu nyuma."

"Tupu kabisa?"

"Nimesema tupu."

Ndani, mkewe akacheka kidogo, kama mtu aliyekumbuka jambo la zamani.

"Basi alifungwa kwa waya wenyewe," mganga akasema. "Urudishe ulivyokuwa. Saa yake ikifika, wakati anavuta. Yeye mwenyewe ndiye atakayeukaza."

Wakangoja jua. Na lilipofika utosini harufu ilikuja nzito mpaka watu wakatapika, majirani wakakimbia wakiacha ndala zao uani, na Masikio akaufungua waya wote, akaingiza ncha yake kwa chini, akaanza kuviringisha kwa kinyume huku mganga akisoma maneno yake kwa mnong'ono usiokatika, na waya ule uliokuwa chini umelegea ukainuka wenyewe, ukakazika hewani pasipo mtu upande wa pili, ukaanza kuimba kama uzi wa zeze, na Masikio akauzungusha mpini mpaka viganja vikachubuka, damu ikachanganyika na grisi, akiisikia ngoma ikilia chini ya mikono yake sauti ambayo haikuwa ya gia wala ya beringi, sauti kama ya mtu anayelia kwa ndani ya pipa, na bado akazungusha, duru juu ya duru, kinyume, kinyume, hadi ncha ilipoingia na kuzama na uani pakawa kimya, kimya cha kusikia jasho lako mwenyewe likidondoka.

Mganga akafunga breki. Akaisikiliza ngoma kwa muda mrefu. Akachukua baiskeli yake.

"Kama ilikuwa tupu kweli," akasema, "yamekwisha."

Lori lilikuja kuibeba winchi jioni ileile. Dereva aliona waya umetokea chini, akashusha pumzi, akaondoka bila swali.

Asubuhi Masikio akaamka mtu mpya. Akafagia ua. Akawasimulia majirani jinsi alivyopigana na jini kwa mikono miwili, na mganga alikuja kushika kofia tu. Mpaka saa ya chakula inafika jini lilikuwa limeshakuwa saba na lina mapembe. Akavaa ovaroli yake, ile iliyoshonwa vizuri, akaichapa kazi.

Na jua liliposimama utosini, dirisha likafunguka.

"We ng'ombe, njoo ule."

Machozi yalimlenga, nisikudanganye. Ng'ombe! Alikimbia ndani kama kijana anayeitwa na mchumba. Mkewe alikuwa kwenye kiti chake, cherehani mbele yake, sahani mezani upande wa mlangoni. Kabati bado halijarudishwa mahali pake, lakini hilo ni la kesho. Masikio akavuta kiti, akakaa, akaingiza mkono kwenye chakula.

"Umerudi," akamwambia, mdomo umejaa.

"Sijaenda popote," mkewe akasema.

Kulikuwa na harufu. Ndogo sana. Akadhani ni mikono yake.

Mkewe alishika gurudumu la cherehani kwa mkono, taratibu, akalizungusha kwa kinyume. Bobini ilikuwa imejaa uzi mweusi, umekazwa tabaka juu ya tabaka, umepangwa kwa unadhifu kama wa kiwandani, hauna hata chembe ya vumbi.

Tak.

Masikio aliacha kutafuna. Kwa mazoea, kwa yale mazoea ya maisha yake yote, akafumba macho akasikiliza. Ya zamani. Breki ya ukanda. Inatoa kwa chini. Haikutoka uani. Haikutoka hata kwenye cherehani. Ilitoka nyuma ya mbavu za mkewe.

Vifungo vya ovaroli yake, vyote, kuanzia shingoni mpaka kiunoni, vikanyooka kumwelekea yule mwanamke. Akavishika kuvifungua. Nyuzi zilikuwa zimekaza kama waya. Kwenye mabega kitu kikamshika na kumkaza.

"Ulisema huwezi kukosa kuitambua hata moja," sauti ikamwambia, na sasa haikujisumbua kuwa ya mkewe. "Haya. Tambua."

Tak. Kiti kikasogea.

Masikio akakita miguu sakafuni. Akasukuma kurudi nyuma kwa nguvu zote alizowahi kujisifia, na nyingine ambazo hakuwahi kujua anazo, mishipa ya shingo imesimama, meza imepinduka, sahani imevunjika. Hakurudi hata unywele.

Breki ilikuwa imeshika.